Kijibwa Mwenye Pua Kavu

Kila mwashi anapochanganya udongo mwekundu katika kichochoro chetu, mimi huweka kalamu chini. Majirani hufunga madirisha kwa sababu ya vumbi. Mimi hulifungua langu, nikainama nje, nikavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Harufu ile ya udongo mkavu unaoanza kunywa maji huwakumbusha wengine nyumba mpya na kuta zinazopanda. Mimi hunikumbusha mbwa.

Najua baadhi yenu mmekwisha kunja pua. Kunjeni, ni haki yenu. Mimi nilikunjiwa pua na mtaa mzima nikiwa na umri wa miaka tisa, na kama mnavyoona, sikufa. Ninachoomba ni kwamba msiufunge ukurasa kabla sijawaambia kwa nini nilimshika mbwa kwa mikono miwili mbele ya baba yangu, na kwa nini mpaka leo siombi radhi kwa mtu.

Ilikuwa miaka ya vita, wakati unga ulipotolewa kwa kupimwa na nyama ikawa kitu cha kusimuliana. Sisi tulikaa Mji wa Kale, katika nyumba ya mawe nyuma ya Ndia Kuu, na baba alikuwa fundi wa kanzu. Alishona kanzu za watu wenye heshima zao, na nyingi zilitoka mikononi mwake Alhamisi zikaingia msikitini Ijumaa. Kwa hiyo baba aliogopa uchafu kama baharia anavyoogopa moto. Ndani ya chumba chake cha cherehani hatukuruhusiwa kuingia na embe, wala na mguu wenye mchanga, wala na mafua.

Shangazi Rukia, dada yake mdogo, alikuwa kinyume chake. Alikuwa mjane, na mumewe alimwachia kiwanja karibu na Makupa, upande wa kuelekea Kibarani, chenye kibanda cha makuti na zizi la boriti. Alikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Kila asubuhi alikuja mjini na debe la maziwa kichwani, buibui lake likinuka moshi na maziwa, akizunguka nyumba za Ndia Kuu akipima na kucheka. Siku ambazo sikuwa na chuo cha Kurani nilikwenda naye, na nikirudi mama alinusa nywele zangu akasema nimekuwa beberu.

Mbuzi hao walilindwa na mbwa aitwaye Chuma. Dini haikatazi mbwa wa kulinda mifugo, na baba, aliyekuwa mtu wa haki, hakupata kulikataa hilo. Lakini Chuma aliishi miaka mitatu bila mtu kumshika. Chakula chake kilitiwa kwenye kigae, kikasukumwa kwa fimbo. Mate ya mbwa yakikugusa huna budi kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, na nani ana nafasi hiyo kila siku, tena na maji ya kuteka? Kikavu kwa kikavu hakuna neno, hivyo mimi nilimgusa mara mbili mgongoni, katikati ya kiangazi, nikajiona jasiri.

Chuma aliokotwa njiani. Hakuna aliyeuliza ametoka wapi wala ana nini. Mwaka wa tatu macho yake yakaanza kutoka matongo, kisha pua ikachuruzika, kisha kikohozi. Mwisho mguu wake wa nyuma ukawa unapigapiga wenyewe, hata akilala, kama mguu wa baba juu ya kanyagio la cherehani. Hatukujua ana homa, maana homa hujulikana kwa mkono, na mkono hakuna aliyeutoa. Alikufa adhuhuri moja chini ya kivuli cha zizi. Mwezi huohuo mbuzi wawili wakapotea.

Baba akafunga safari hadi Makupa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha shangazi, kanzu ameikunja mapajani ili isiguse chini, akaeleza shauri lake kwa upole uliotisha kuliko ukali. Mwanamke peke yake, na zizi lisilo na mbwa, na wezi wenye njaa: haifai. Ama auze mbuzi, aje akae kwetu katika kile chumba cha juu, ama atafute mbwa mwingine. Lakini mbwa huyo akifa kama wa kwanza, hakutakuwa na wa tatu.

"Sitaki kuwa mtu wa kuzika mbwa kila mwaka, Rukia," alisema. "Wataniuliza wateja wangu, hizi kanzu wazishona wapi, makaburini?"

Shangazi alikubali. Hakuwa na la kufanya, kwani baba ndiye mkubwa wake. Ila jioni, akimkamua mbuzi wa mwisho, aliniambia mimi, pengine kwa sababu hakukuwa na mwingine: "Tima, kile chumba cha kwenu kina dirisha moja, nalo latazama ukuta." Akakamua kidogo. "Mimi mlango wangu nimeuzoea. Naufungua nitakapo, naufunga nitakapo."

Nilikuwa na miaka tisa, lakini hilo nililielewa barabara. Lililokuwa likitafutwa halikuwa mbwa tu. Ulikuwa mlango wa shangazi yangu.

Miongoni mwa wateja wa shangazi palikuwa na Bwana Eliya, Mtaita aliyefanya kazi ya reli, akikaa na mkewe katika landhi, zile nyumba za safu walizojengewa wafanyakazi wa reli. Alinunua maziwa kwa ajili ya mtoto wake mchanga. Alikuwa na mbwa jike aliyezaa, na vijibwa vitatu vilikuwa vimebaki havijapata wenyewe. Shangazi alipomweleza shida yake, Bwana Eliya hakusema chukua yeyote. Alichuchumaa mlangoni mwake, akatufundisha.

Huko kwao milimani, alisema, mbwa mbovu ni shamba lililoliwa na nyani, kwa hiyo baba yake alimfundisha kuchagua kabla hajamfundisha kulima. Umtazame macho kama yana matongo. Umfunue mdomo uone fizi, zikiwa nyekundu ana damu, zikiwa nyeupe kuna kitu ndani kinamla. Umbonyeze tumbo: likiwa gumu kama ngoma, ni minyoo. Umnuse masikio. Upige makofi nyuma yake, maana wako wanaozaliwa viziwi, hasa weupe, na kiziwi hakulindii kitu. Na pua, alisema, pua ya mbwa mzima mara nyingi huwa na umande. Ikikauka peke yake si hoja, inaweza kuwa jua tu. Ikikauka na masikio yakawaka moto, huyo mwache.

"Mama, mbwa hachaguliwi kwa macho," alimalizia. "Macho yanapenda. Mkono ndio unaojua."

Shangazi alikuwa amesimama hatua tatu mbali, buibui amelikusanya asije mama wa vijibwa akalipitia. Aliitikia kwa kichwa kila jambo kama mtoto wa chuo. Tulipofika njiani, debe tupu likimlia kichwani, akasimama ghafla.

"Mkono ndio unaojua," alirudia. "Sasa Tima, mkono wa nani?"

Tukaenda zetu.

Siku ya kwenda kuchagua iliwekwa Jumapili, kwa kuwa Bwana Eliya alikuwa na mapumziko, na baba alisema atakuja mwenyewe. Hakutaka mbwa aingie katika ukoo, kwa kiasi mbwa anavyoweza kuingia katika ukoo, bila yeye kumwona. Asubuhi ile nyumba yetu iliamka na ugomvi mdogo. Mama alikuta chekeche lake la unga lina vumbi jekundu katika matundu, akauliza ni shetani gani amelitumia, na ataupepeta vipi unga wa watoto. Baba alikunywa chai yake akitazama kikombe. Nakumbuka kwamba alivaa kanzu yake kuukuu, ile ya kiraka begani, na nikaona aibu kidogo, kwani mimi nilivaa gauni langu la maua.

Tulikwenda kwa miguu, baba mbele na bakora, mimi nyuma. Shangazi alitukuta kwenye landhi. Watu wakasabahiana kama inavyopasa, sabalkheri, hali gani, nyumba haijambo, mtoto anaendeleaje, na Bwana Eliya akatoa viti viwili na kuvipangusa kwa kitambaa mara mbili, kwa kuwa alijua fundi wa kanzu anakalia nini. Kisha akafungua kijiua cha nyuma, vijibwa vikamwagika.

Nawaona mpaka leo. Wa kwanza alikuwa mweusi, mnene, mzuri wa kupigwa picha, ila alijikuna. Alijikuna akitembea, alijikuna akianguka, na kwenye viwiko na ncha za masikio manyoya yalikuwa yamemtoka, ngozi ikabaki ya waridi yenye magamba. Wa pili alikuwa wa rangi ya hudhurungi, mguu mmoja wa mbele umepinda kuingia ndani, kiasi kwamba kila akikimbia alionekana kama anataka kugeuka kona ambayo haipo. Huyo alikuwa na ulimi. Alilamba kizingiti, akalamba kiti, akalamba viatu vya Bwana Eliya, kisha akamwona baba.

Mnapaswa kumwona baba yangu akizunguka kiti, kanzu ameishika kwa vidole viwili hadi kwenye vigimbi vya miguu, bakora juu, na kiumbe mwenye miguu mitatu na nusu akimfuata kwa mapenzi. Walizunguka mara mbili. Mke wa Bwana Eliya aliingia ndani haraka, na nilisikia kicheko chake kikizibwa kwa kanga.

Wa tatu alikuwa mweupe. Alikaa kivulini, miguu yake ya mbele ameiweka pamoja, akitutazama kama kadhi anayengoja watu wamalize kelele. Hakulamba. Hakuja. Pua yake ilikuwa kavu, mdomo wake mkavu, hakuwa na hata tone. Baba alimsogelea mpaka hatua tatu, akasimama, na nikaona uso wake ukilegea kwa faraja.

"Huyu ana adabu," alisema. "Tazama. Mkavu kabisa. Huyu hata akipita karibu na vyombo vya maziwa hakuna neno."

Bwana Eliya alijikuna shingo. Alisema polepole kwamba Bwana Fundi afikiri tena, maana huyo mweupe hakula vizuri jana, na yeye angemshauri amtazame kwa karibu. Baba akatabasamu. Alikuwa amezunguka sana na wauza vitambaa wa mjini, na alijua mfanyabiashara akikuambia jora hili si zuri ndilo analotaka libaki dukani. Aliona Mtaita anamficha mbwa wake bora. Akasema kwa heshima zote kwamba hana haja ya kufikiri, amemridhia mweupe.

Nikamtazama shangazi. Alikuwa amelibana buibui kwa meno, pembe moja, kama alivyofanya akiwa na mzigo mzito. Alijua. Mambo yote tuliyofundishwa alikuwa nayo kichwani: kivuli, pua, kutokula. Lakini mwanamke wa ada hambishii kaka yake mbele ya mgeni. Wangeongea nyumbani, na nyumbani mbwa mweupe angekuwa amekwisha kuchukuliwa. Hakunikonyeza. Hakunifanyia ishara yoyote, na wanaosema kwamba alinituma walikuwa hawapo. Alitazama tu ukuta wa landhi mbele yake, na mimi nikakumbuka dirisha linalotazama ukuta.

Nikaenda.

Nilipiga magoti mbele ya yule mweupe na kumshika masikio. Yalikuwa moto, moto wa birika, moto ambao nilikuwa sijawahi kuukuta katika kitu kilicho hai. Nikamfunua mdomo kwa vidole gumba viwili kama Bwana Eliya alivyoonyesha, na fizi zake zilikuwa nyeupe kama kanzu za baba. Nikampakata, nikambonyeza tumbo, nalo lilikuwa gumu. Hakunikataza. Aliniegemezea kichwa, na kwenye pembe za macho yake nikaona matongo yaleyale ya Chuma.

"Tima," baba aliita. Hakupaza sauti. "Mweke chini."

Wakati huo yule wa hudhurungi alikuwa amenifikia na kuanza kunilamba kiwiko. Nikamweka mweupe chini kwa taratibu, nikampakata huyo. Nilimbonyeza tumbo: laini. Nilimwangalia fizi, akaninyonya kidole. Nyekundu, nyekundu kama ndani ya pera lililoiva. Nikamnusa masikio. Nilipiga makofi nyuma ya kichwa chake, akageuka na kuangukia mguu wake uliopinda, akasimama, akabweka, sauti kubwa isiyolingana naye. Pua yake baridi ilipita shingoni mwangu, na mate yake yakashuka ndani ya gauni la maua.

"Tima. Nimesema weka chini."

"Nishalowa, Baba," nilisema. "Kulowa hakuongezeki."

Katika nyumba yetu hakuna mtoto aliyewahi kumjibu baba, sembuse msichana, sembuse mbele ya mgeni, sembuse akiwa amepakata mbwa. Lakini mdomo ukishatoka nyumbani hauombi ruhusa ya kuendelea, na nikasema yote: yule mweupe ana homa, fizi zake hazina damu, atakufa kama Chuma, na akifa shangazi atahamia kwenye ukuta. Nilisema hivyohivyo, kwenye ukuta. Yule mweusi ana upele ambao unaweza kutibika lakini utawafikia mbuzi kabla haujatibika. Na huyu ni mzima.

"Mzima?" baba alisema. "Kilema huyo. Tazama guu."

Ndipo shangazi akaachia buibui kutoka menoni.

"Kaka," alisema, akitazama chini kwa adabu zote, "guu halibweki."

Bwana Eliya alikohoa na kutazama mbinguni. Akasema, kama mtu anayezungumza na mawingu, kwamba mguu ule ulikanyagwa na mama yake siku ya pili ya kuzaliwa, hauna maradhi, umepona upande. Hatakimbiza swala, lakini wezi wa mbuzi hawakimbizwi, wanabwekewa. Baba alishusha bakora. Aliaga kwa ukamilifu, akamshukuru mwenye nyumba, akamwombea mtoto wake afya. Kisha akaanza kwenda zake, na kutokugeuka kwake ndiko kulikokuwa ruhusa.

Kutoka landhi hadi Mji wa Kale ni mwendo mrefu kwa mtu anayetembea mikono ameitenga na mwili kama kuku aliyeloa. Kijibwa tulimwacha na shangazi, na baba alitangulia hatua ishirini. Habari zilitangulia zaidi yake, sijui kwa njia gani, kwani tulipoingia kwenye vichochoro wanawake walikuwa tayari vibarazani, na mmoja akavuta mtoto wake ndani. "Yuwaja Tima wa mbwa," nikasikia. Nikainua mikono juu zaidi ili waione vizuri.

Nyuma ya mlango wetu palikuwa na ndoo ya bati. Ilijaa udongo mwekundu, laini, uliopepetwa, usio na jiwe hata moja. Sikuuliza umetoka wapi. Mtoto huona kwamba vitu vinavyohitajika huwapo. Mama alinisimamisha katikati ya ua, akanipaka udongo uliolowa mpaka mabegani na shingoni, na harufu yake ikanipanda puani. Baba alikaa kwenye ngazi, mgongo ametugeuzia, akihesabu. Moja. Mama akamwaga maji. Mbili. Gauni nalo lilioshwa mara saba, na maua yake hayakuonekana tena. Saba aliisema kwa chini sana, akainuka na kupanda juu. Hakuniambia neno siku nne.

Siku hizo nne zilikuwa ngumu, sitawadanganya. Chuoni wenzangu waliusogeza mkeka. Mmoja aliyeitwa Shufaa, mwenye ulimi kuliko yule mbwa, alinibwekea kila niliposoma aya yangu. Siku ya tatu nikamnyooshea mikono mbele ya wote. "Hii imeoshwa mara saba na udongo," nilimwambia. "Ya kwako umeiosha mara ngapi tangu Idi?" Mwalimu alinipiga kiboko kimoja. Nilikipokea kwa kiganja safi.

Kijibwa mweupe alikufa siku ya tisa. Bwana Eliya alimwambia shangazi alipokuwa akipimiwa maziwa, na shangazi aliniambia mimi, na hakuna aliyeniambia nifurahi kwa kuwa nilisema kweli. Nililia. Nilikumbuka alivyoniegemezea kichwa. Mara nyingine nafikiri kwamba mkono wangu ulikuwa wa kwanza na wa mwisho kumfikia, na kwamba mwenye kumwita najisi hakuwahi kujua jinsi alivyokuwa moto.

Yule wa hudhurungi nilimwita Saba. Mguu wake haukunyooka kamwe. Alibweka kwa kila kitu: mwizi, ngalawa, treni ikipita darajani, imamu akikohoa. Mbuzi hawakupotea tena. Shangazi aliishi nyuma ya mlango wake mwenyewe miaka yote ya Saba na mingine baadaye, na alipofariki, alifia kitandani mwake, mlango ukiwa wazi kwa sababu ndivyo alivyotaka uwe.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wangu. Nilimfanya baba kuwa mtu wa kanzu na hofu, mimi nikawa mwenye mikono. Nilikisimulia hivyo kwa marafiki zangu waandishi, wakacheka, nikacheka nao. Mwaka jana, baada ya arobaini ya baba, mama na mimi tulikuwa tukitoa vitu chini ya ngazi, waashi wakichanganya udongo huko nje, na mama akavuta ndoo ya bati iliyoshikwa na kutu. Akacheka peke yake.

"Hii ndiyo iliyoniharibia chekeche langu," alisema.

Nikamuuliza amesema nini. Akashangaa kwamba sijui. Alfajiri ya Jumapili ile, kabla hatujaamka, baba alitoka na ndoo kumtafuta mwenye mkokoteni aliyekuwa akileta udongo kutoka ng'ambo ya Makupa. Akaupepeta mwenyewe, gizani, kwa chekeche la unga. Mama alimwona kutoka dirishani, na alipogombana asubuhi alijua kabisa ni nani, ila alitaka akiri. Hakukiri.

"Ndoo nzima?" niliuliza. "Kwa mikono ya mtoto?"

"Mtoto gani?" mama alisema. "Nani aliyejua kwamba wewe utashika? Alivaa kanzu kuukuu. Yule alikwenda kushika mwenyewe."

Nilikaa kwenye ngazi, palepale alipokaa akihesabu. Baba yangu alitoka nyumbani akiwa amekwisha kata shauri kwa ajili ya dada yake. Alijua, kama sisi, kwamba mkono ndio unaojua. Alitembea mwendo wote ule na ushujaa wake umekunjwa ndani ya kanzu ya kiraka, na ukamwishia hatua tatu kabla, mbele ya ulimi wa kijibwa kilema. Akatafuta mbwa mkavu ambaye hangemdai chochote, akajisadikisha kwamba huyo ndiye bora. Kisha mtoto wake wa kike akampita. Zile siku nne nilizodhani ni hasira, hazikuwa hasira.

Sijabadili neno katika niliyosema. Ningemshika tena leo, na mbele ya watu wengi zaidi. Sheria haikuniambia nisiguse. Iliniambia nikigusa nifanye nini baadaye, na kati ya mambo hayo mawili watu wetu wamejenga ukuta ambao hakuna aliyewaagiza. Lakini nimeacha kumsimulia baba kama mwoga.

Mama aliinamisha ndoo kwenye mwanga. Ilikuwa tupu. Nikamwambia kwamba mimi sikutumia hata nusu, nakumbuka, udongo ulibaki mwingi.

"Ulibaki," alisema. Akanieleza kwamba wakati nikiwa Zanzibar kwenye masomo, Saba alipokufa kwa uzee, shangazi alituma mtu kusema hana nguvu za kuchimba. Baba alikuwa na kanzu ya bwana arusi mezani. Aliiacha. Alitoa ndoo chini ya ngazi, akaenda nayo Makupa kwa miguu, mchana, akipita Ndia Kuu yote. Shangazi alisema alimbeba Saba mikononi kama anavyobebwa mtoto aliyelala, akamzika kando ya zizi. Akakaa kwenye jiwe, akakunja mikono ya kanzu, akaomba maji, na akahesabu mwenyewe mpaka saba.